Vumbi la Adelar

Lori lilifika Jumanne, limebeba tani kumi na nane
za jiwe lililosagwa likawa laini kama unga,
jeusi, bado lina joto la mashine.
Dona Zulmira alisimama langoni
mikono kiunoni, hakufungua.

Si kwamba hakulijua.
Miaka ishirini na sita alilifua.
Alilifua kwenye kola, kwenye makwapa,
kwenye mishono ya mifuko ya suruali;
alilifagia uvunguni, akalipangusa
nyusoni mwa watoto baada ya baba kuwabusu.
Lile ambalo hakulifikia
lilikwenda kukaa ndani ya Adelar,
kifuani, upande wa kushoto kwanza,
nalo halikufulika.

"Ni bure," alisema dereva, kijana wa kina Tomazelli.
"Bure," alisema Zulmira, "ndiyo bei yake siku zote."

Lakini shamba lilikuwa limechacha.
Mahindi ya mwaka jana yalitoka manjano,
mafupi, kama watoto waliokatazwa kucheza,
na chokaa dukani imepanda bei
hata huulizi mara mbili.
Akasimama hadi dereva akazima injini.
Kisha akatoa sharti: mngoje manyunyu.
Sitaki lipeperuke. Na wewe, kijana,
funika hiyo pua.

Manyunyu yakaja Alhamisi, ya Agosti,
yale ya milima ya kusini mwa Brazili
yasiyonyesha wala kuacha.
Trekta ikapita na kurudi, ikapita na kurudi,
nyuma yake udongo mwekundu ukavaa rangi ya jivu.

Jussara wa chuo kikuu alieleza jikoni,
kibuyu cha mate kikizunguka mkono kwa mkono:
mvua ikishuka huokota hewa ya ukaa njiani,
huwa chachu kidogo, chachu isiyoonjeka,
ikalikuta jiwe, ikaling'ata,
na katika kung'atana huko
hewa hufungwa ndani ya maji,
huteremka vijitoni, mtoni, hadi baharini,
isirudi angani kwa maelfu ya miaka.
"Mlima wenyewe huifanya kazi hii," alisema,
"ila polepole mno. Sisi tumeutafunia tu."

Ukaa. Lugha yangu imelichota jina hilo
kwenye kaa la moto,
ila sikio langu, kila likilipata, husikia kaa:
kaa hapa, usiondoke.
Ndilo kosa lake huko juu.
Ndilo tunaloliomba huku chini.

"Kiasi gani?" Zulmira aliuliza.
"Shamba langu limeiondoa angani kiasi gani?"
Jussara akavigeuza vichupa vyake.
"Sijui bado."
"Na moshi wa lori umeutoa?"
"Nimeutoa."
"Na wa mashine ya kusagia?"
"Nao."
Zulmira akamwongezea maji ya moto.
Mtu asemaye sijui, nyumbani kwake,
hupewa kiti chenye mgongo.

Desemba mahindi yalifika kiunoni, kijani.
Labda ni jiwe. Labda ni mvua tu.

Siku hiyo alitoa kabatini shati moja,
la buluu, la mwisho,
ambalo kwa miaka minne alikataa kulifua.
Akalitia kwenye beseni uani.
Maji yakawa meusi, kisha kijivu;
akayatazama yakitulia.
Akayabeba hadi mstari wa tatu,
akayamwaga taratibu, shina kwa shina,
asibakize tone.

Jussara alikuwa amefika na vichupa vyake.
Alifungua mdomo, akaufunga.
Kisha akaandika daftarini, kwa penseli:
Mstari wa tatu usihesabiwe.
Yameongezwa maji ya nje,
lita tano hivi.